MAJI MOTO YA BOGORIA SI SUFURIA

Kila mara tangazo la ziara ya Bogoria likibandikwa ubaoni, swali linalosikika madarasani ni moja tu: "Wewe utabeba mayai mangapi?" Hakuna anayeuliza habari za ziwa, wala za milima, wala za watu wa huko. Ni mayai tu! Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea ule. Kwa maoni yangu, ziara za namna hii ni hasara, na inafaa tuzibadilishe kabla basi la mwaka ujao halijaondoka.

Kwa wale ambao hawajafika, Ziwa Bogoria liko kaunti ya Baringo. Ukitoka Nakuru unapita Mogotio ukielekea Marigat, na jua la huko si mchezo. Upande wa mashariki milima ya Siracho imesimama kama ukuta juu ya maji. Upande wa magharibi, pahali panapoitwa Loburu, unaona moshi mweupe ukipanda. Ukikaribia unagundua kwamba si moshi bali ni mvuke. Maji yanatokota ardhini yenyewe, bila kuni wala makaa, na kwingine yanaruka juu kama yamesukumwa na mtu aliye chini.

Bila shaka hakuna mtu chini. Mwalimu wa Jiografia hutuambia kwamba Bonde la Ufa ni pahali ambapo ardhi imepasuka. Maji ya mvua huzama katika nyufa hizo, yakakutana na mawe yenye joto kali, kisha yakarudi juu yakiwa yamechemka. Haya tunayaandika daftarini, tunayakariri, tunayaandika kwenye mtihani, halafu tunayasahau. Lakini ukisimama Loburu huwezi kuyasahau. Na mtu akibeba kipimajoto badala ya trei ya mayai ataona ajabu nyingine. Kwa kuwa ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka huko kabla ya kufika nyuzi 100. Hilo ni somo la Fizikia lililo wazi mbele ya macho, bila maabara!

Tena joto hilo hilo la ardhini ndilo linalotoa umeme kule Olkaria, karibu na Naivasha, tangu mwaka 1981. Balbu unayosomea usiku huenda inawashwa na ndugu wa yale maji tunayochemshia mayai. Je, ni wangapi kati yetu waliorudi nyumbani wakijua hivyo?

Lakini jambo linaloniuma zaidi si masomo, ni watu. Kando ya ziwa hilo waliishi Waendorois, wafugaji ambao kwao Bogoria ni pahali patakatifu. Walikuwa wakiomba hapo, wakifanya tohara na sherehe zao hapo, na mifugo yao ikilamba chumvi hapo. Wanaamini kwamba roho za wazee wao waliokufa zinaishi ziwani. Mwaka 1973 serikali ililifanya eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyama, na Waendorois wakaondolewa. Hawakunyamaza. Walipeleka kesi yao hadi kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na Februari 2010 ikatangazwa kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Mwaka uliofuata, 2011, UNESCO ililiweka ziwa hilo katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Nakuru na Elementaita.

Sasa fikiria, mwenzangu. Watu waliondolewa pahali pao pa kuombea, wakapigania haki yao miaka mingi, halafu sisi tunakuja kwa basi, tunapiga kelele, tunachemsha mayai, tunatupa maganda, tunaondoka. Je, mgeni akija kanisani au msikitini kwenu akaanza kupika, ungejisikiaje?

Tulipokwenda mwaka jana tulikuta karibu na chemchemi moja maganda ya mayai, karatasi za peremende na chupa za soda. Kijana wa shule nyingine alikuwa akirusha mawe ndani ya maji, ati aone kama yatarudi. Mwingine alisimama kwenye ukingo kabisa ili apigwe picha, na ilhali ukingo huo ni ganda jembamba linaloweza kuvunjika, na chini yake ni maji ya kuchemka. Mzee aliyetutembeza alijaribu kutueleza habari za pahali hapo, lakini nusu ya wasikilizaji walikuwa wakihesabu dakika za mayai. Yule mzee alinyamaza katikati ya hadithi. Hadi leo sijui ilimalizika vipi.

Najua kuna watakaosema, "Wacha kutuhubiria, sisi ni vijana, na yai moja linamdhuru nani?" Sikatai. Yai moja halimdhuru mtu. Hata kuona yai likiiva ndani ya maji ya Mungu ni jambo la kufurahisha. Lakini basi letu si la pekee. Shule ngapi huja pale kwa mwaka, na kila mwanafunzi na yai lake? Haba na haba hujaza kibaba, na takataka nazo ni hivyo hivyo. Mkono utakaookota ganda ni wa mwenyeji, si wako.

Isitoshe, tusidhani chemchemi hizo zitatungoja milele. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda sana. Kufikia mwaka 2020 yalikuwa yamefunika barabara, lango la zamani na baadhi ya chemchemi. Nyingine zinachemkia chini ya ziwa ambapo hatuzioni tena. Anayepata nafasi ya kuona zilizobaki anafaa aziangalie kwa macho mawili.

Nina jambo lingine, nalo linatuhusu sisi wa shule ya kutwa. Kila ziara kuna wenzetu wanaobaki kwa sababu mzazi amekosa pesa za basi. Asubuhi hiyo wanakuja darasani kama kawaida, wanakaa kimya, na jioni wanatusikiliza tukijigamba. Hebu tupige hesabu ya pesa ambazo darasa moja hutumia kwa mayai, soda na peremende siku hiyo. Tukiziweka pamoja, hatuwezi kumlipia hata mwenzetu mmoja? Mimi naamini tunaweza kuwalipia kadhaa.

Kwa hivyo natoa wito kwa chama chetu na kwa walimu wetu wapendwa. Kwanza, wiki moja kabla ya safari tufundishwe habari za ziwa na za Waendorois. Pili, tukifika tumpe mwenyeji wa huko saa nzima ya kuzungumza nasi, na tumsikilize hadi mwisho. Tatu, kila mtu arudi na takataka zake katika mfuko wake. Nne, pesa za mayai ziende kwenye kikapu cha kuwalipia wasio na nauli.

Shime wenzangu! Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumekwenda Bogoria mara nyingi, tukashiba na kupiga picha. Ni wakati wa kujiuliza kama mwenyeji wetu amewahi kupona kwa sababu yetu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu