Mwacheni pomboo aliwe!

Wasomaji wangu, leo nataka kumtetea pomboo. Ama niseme ukweli, nataka aliwe.

Mnaikumbuka gemu ya Super Mario World? Ilitoka Japani 1990 na kufika Marekani 1991. Katika hatua ya Vanilla Secret 3 kuna pomboo wanaoruka majini. Hawana ubaya, unasimama mgongoni mwao na kuvuka. Katika toleo la Japani, Yoshi anaweza kuwameza. Katika toleo la Marekani hawezi.

Najua mtaniambia pomboo anapendwa na watu. Sawa, lakini Yoshi huyo huyo wa Marekani anameza kobe kutwa nzima. Nani alimwonea kobe huruma?

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na hapa ndipo ninapokasirika. Kutafsiri ni kubadili maneno. Hii ni kubadili sheria, tena sheria nzuri! Pomboo ni daraja lako. Ukimla, umejikatia njia mwenyewe. Mjapani aliachiwa uhuru wa kufanya upuzi huo. Mmarekani akapokonywa, kana kwamba ni mtoto anayenyang'anywa kisu.

Halafu ikaja Super Mario Advance 2 ya Game Boy Advance, Japani 2001 na Marekani 2002. Pomboo akaanza kuliwa kote kote. Sikusikia mtu yeyote akiandamana.

Mimi nilimla hapo kwa mara ya kwanza, nikatumbukia majini, nikacheka peke yangu kama mwehu.