TAHARIRI: KISUKARI HAKITEMBEI PEKE YAKE



Leo tahariri ya gazeti letu la ukutani haisemi habari za bei ya pamba wala zamu za mizani. Inasema habari za mkutano wetu wa Jumamosi. Siku hiyo tutaamua kama chama kitenge fungu la nauli kwa wanachama wanaokwenda kupima kisukari, au kisitenge. Kwenye kikao cha kamati wako ndugu waliosema, "Sukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini wenye vitambi. Sisi wakulima na wavuvi unatuhusu nini?" Mimi Katibu wenu najibu, na naanza kwa kujikosoa mwenyewe.

Msimu uliopita mwanachama mwenzetu mmoja alikohoa muda mrefu. Alipimwa, akaonekana ana kifua kikuu, akapewa dawa. Alikunywa dawa zake sawasawa, siku hata moja hakuacha. Lakini badala ya kunenepa alizidi kukonda. Kila saa maji, kila saa anaondoka shambani kwenda kujisaidia. Siku ya kazi ya pamoja mimi nilimwona amekaa kivulini, nikamwandika kwenye daftari: mtegaji. Nikamsoma mbele ya watu. Wengine wakanong'ona kwamba ana ule ugonjwa mwingine. Wengine wakamwambia mkewe kuwa bwana karogwa. Kumbe alipochomwa kidole na kupimwa tone la damu, sukari ilikuwa juu sana. Kidonda cha mguuni alichokificha kilikuwa kimeoza, kidole kimoja kikakatwa. Yeye mzima, tunaye, na ndiye aliyeniruhusu niandike haya. Neno mtegaji nimelifuta kwenye daftari. Namwomba radhi mbele yenu, kama nilivyomwaibisha mbele yenu.

Basi tuelezane. Tukila ugali, mihogo, michembe au wali, mwili unageuza chakula kuwa sukari, na damu inaisambaza. Kiungo kinachoitwa kongosho kinatoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kuingiza sukari hiyo ndani ya mwili ifanye kazi. Insulini ikikosekana au ikishindwa kazi, sukari inabaki kwenye damu. Mtu amekula lakini mwili una njaa, ndo maana anakonda. Sukari ikizidi inatoka na mkojo, na maji inatoka nayo. Ndiyo sababu ya kiu.

Ubaya wake hauishii hapo. Sukari nyingi inaharibu mishipa ya damu, midogo na mikubwa. Ikiharibika ya macho, mtu anapoteza kuona. Ikiharibika ya figo, figo zinachoka. Ikiharibika ya moyo na ya kichwa, mtu anapatwa na ugonjwa wa moyo au kiharusi, hasa akiwa pia na shinikizo la damu, na magonjwa haya mawili hupenda kukaa nyumba moja. Mishipa ya fahamu ya miguu nayo inakufa ganzi. Mtu anakanyaga mwiba wala hasikii, anakuja kuona usaha. Mama mjamzito mwenye sukari iliyozidi yuko hatarini, yeye na mtoto.

Na kifua kikuu je? Wadudu wake wanaweza kulala mwilini miaka mingi, askari wa mwili wakiwalinda wasiamke. Kisukari kinawalegeza askari hao. Hapa hapa Mwanza watafiti, pamoja na wale wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, waliwapima wagonjwa wa kifua kikuu na watu wasio nacho. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Katika kila wagonjwa 100 wa kifua kikuu, kama 17 walikuwa na kisukari. Katika wasio na kifua kikuu, kama 9. Mwaka 2013 ikatolewa habari nyingine ya hapa Mwanza: wenye magonjwa yote mawili walikufa zaidi katika siku 100 za mwanzo za matibabu kuliko wenye kifua kikuu peke yake.

Mtasema hao ni watu wa mjini. Haya, mjini kwetu ni nani? Si watoto wetu hao, na shemeji zetu? Na hao 9 katika 100, jamani, wote ni matajiri? Kitambi kinaongeza hatari, kweli, na soda na kukaa bila kazi vinasaidia kuleta ugonjwa. Lakini wako wembamba wenye kisukari, wako wavuvi, wako na watoto wadogo. Ugonjwa hauulizi una mtumbwi au una gari.

Kwa hiyo nashauri haya:

1. Mwenye kifua kikuu aombe kupimwa sukari. Homa ya ugonjwa nayo huweza kupandisha sukari kwa muda, hivyo arudie kupima akiambiwa. Mwenye kisukari akikohoa wiki mbili, apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu ni bure, na hunywewa miezi 6 bila kuruka.

2. Mwenye magonjwa yote mawili amwambie mganga wa hospitali dawa zote anazokunywa. Iko dawa ya kifua kikuu inayopunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya sukari.

3. Mwenye kisukari akague miguu yake kila jioni na avae viatu, hata shambani, hata mwaloni. Kidonda kisichopona kipelekwe zahanati kabla ya kupelekwa kwa mtabiri.

4. Aliyeandikiwa sindano ya insulini asiikimbie. Sindano haimli mtu. Kuiacha ndiko kunakomwua.

5. Chai ya mikutano yetu iandaliwe bila sukari, atakaye aweke mwenyewe. Ugali upungue kidogo, mboga na dagaa ziongezeke.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walivyokaa kuzunguka redio kujifunza, kisha wakasimama kuchimba vyoo. Hawakusema choo ni cha matajiri. Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, na jambo la kwanza nililolipata humo ni kwamba kutojua si aibu, aibu ni kukataa kujua.

Jumamosi tukapige kura ya kutenga fungu. Nauli ya mtu mmoja kwenda kupima ni ndogo kuliko gharama ya mguu uliokatwa, na ndogo mno kuliko gharama ya msiba. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Na tukimwona mwenzetu amekaa kivulini, tumuulize kwanza anaumwa nini, ndipo tufungue daftari.

Ni mimi,
Katibu wa Tawi