Jeshi la Marekani Halimtibu Mama Yako

Kwenye vikao vyetu huku Marekani, iwe ni harambee ya kusafirisha maiti au kipaimara cha mtoto, hakosekani mzee wa kumshauri kijana aliyeingia juzi na grinikadi ya bahati nasibu: "Ingia jeshi. Matibabu bure, wewe na ukoo wako, mpaka kufa." Ushauri huo umerudiwa mpaka hakuna tena anayeuhoji. Ukiondoa lile "matibabu", mimi sioni neno jingine ndani yake lililosimama sawasawa.

Haki kwanza. Bima ya jeshi, TRICARE, ni nzuri kwa askari aliye kazini. Akiiandikisha familia yake kwenye mpango wa Prime halipi ada ya uanachama, na mkewe akijifungua salama hapati ile bili ya maelfu ya dola ambayo imewatoa machozi majirani zake. Lakini hata hapo kuna masharti. Mpango wa Prime unamtaka mgonjwa apitie kwa daktari wake wa kwanza na apewe rufaa. Mke aliyezoea mambo ya nyumbani, ambako ukiumwa macho unakwenda moja kwa moja kwa daktari wa macho, akijipeleka mwenyewe kwa mtaalamu anabeba dola 300 za mwanzo za mwaka, halafu nusu ya gharama inayokubaliwa na bima. Anayeambiwa "bure" hana sababu ya kuuliza habari za rufaa, na hapo ndipo anaponaswa.

Sasa hilo la "mpaka kufa". Bima ya ustaafu ni ya aliyestaafu, na kustaafu jeshini kwa kawaida ni kumaliza miaka 20. Vijana wetu wengi hutia saini miaka minne hivi, wapate uraia na ada ya chuo, kisha watoke. Wale walioingia kwa MAVNI, mpango wa jeshi wa kuandikisha wageni, ulioanza mwishoni mwa 2008 na kukihesabu Kiswahili miongoni mwa lugha zinazohitajika, nao walikuwa na mikataba ya miaka, si ya maisha. Ukitoka baada ya miaka minne, TRICARE inakuaga mlangoni. Kuna mpango wa mpito wa kununua kwa pesa yako, kwa kawaida miezi 18, na bei yake si ya mchezo. Wewe mwenyewe unaweza kutibiwa kwenye hospitali za wakongwe wa vita. Mkeo na watoto hawamo, isipokuwa uwe umepata ulemavu kamili na wa kudumu kutokana na utumishi wako, au uwe umekufa kwa sababu hiyo. Huo si mpango wa kumpangia kijana wa miaka 21.

Uongo unaouma kuliko wote ni ule wa ukoo. Kwa sheria, familia ya askari ni mume au mke na watoto. Watoto wenyewe wana mwisho: miaka 21, au 23 kama wako chuoni muda wote. Baada ya hapo mzazi anaweza kuwanunulia mpango wa vijana hadi wafike 26, na mwaka 2025 ule wa bei nafuu ulivuka dola 300 kwa mwezi kwa kila kijana. Wazazi hawamo kabisa. Askari akithibitisha kwamba ndiye anayemtunza mama kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake, mama anaweza kupewa kitambulisho cha jeshi na kuhudumiwa kwenye hospitali ya kambi nafasi ikipatikana. Nafasi ikipatikana! Presha na sukari hazingojei nafasi, na kitambulisho hicho ukikitoa kwenye hospitali ya kiraia hakilipi hata panadoli. Bado watu wanakata tiketi, wanamleta bibi wa miaka 70 kwa viza ya matembezi, wanamweka sebuleni wakiamini gwanda la mjukuu litamlinda. Akianguka bafuni, bili itakuja kwa jina lake, si kwa jina la Pentagoni.

Talaka nayo ni habari ambayo wapambe hawaisemi. Mke aliyeachwa anabaki na bima moja kwa moja ikiwa tu ndoa ilidumu miaka 20, mume alitumikia miaka 20, na miaka hiyo 20 ilikwenda pamoja. Akikosa sharti moja, bima inakatika, au inabaki mwaka mmoja tu kama miaka iliyokwenda pamoja ilifika 15. Wanawake waliohama kambi hadi kambi kwa miaka 12, kazi zao zikifia njiani, hawapati kitu.

Wamarekani wenyewe waliuamini uongo huu wa "bure mpaka kufa" kabla yetu, wakaupeleka hadi mahakamani. Kanali George Day, aliyejulikana kama Bud, alikuwa rubani aliyefungwa Vietnam Kaskazini kwa zaidi ya miaka mitano na kutunukiwa Nishani ya Heshima. Alikuwa pia mwanasheria. Mwaka 1996 aliishtaki serikali kwa niaba ya wastaafu wa enzi za Vita Kuu ya Pili, walioahidiwa na maofisa wa kuandikisha askari kwamba wakimaliza miaka 20 wao na wake zao watatibiwa bure maisha yote. Walipotimiza miaka 65 wakasukumiwa Medicare, bima ya wazee wote. Novemba 2002 mahakama ya rufaa, majaji tisa dhidi ya wanne, ikaamua kwamba ofisa wa kuandikisha hana mamlaka ya kuifunga serikali, kwa kuwa sheria za fedha hizo zinatungwa na Bunge. Mahakama haikukana kwamba ahadi zilitolewa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi. Ikiwa shujaa wa namna ile hakuweza kuidai ahadi ya mdomo, mjomba wako wa kikaoni ataidai wapi?

Nitaambiwa kwamba hata kwa ada zake bima hii ni rahisi kuliko za kiraia. Ni kweli, na nisingemkataza mtu kuingia jeshini kwa hesabu iliyopigwa vizuri. Ninachopinga ni kuingia bila hesabu. Januari 2021 wastaafu wa siku nyingi walio kwenye mpango mwingine wa TRICARE, Select, ambao hawakuwa wakilipa ada ya uanachama, walianza kudaiwa dola 12.50 kwa mwezi kwa mtu mmoja na 25 kwa familia. Pesa ndogo. Lakini wasiopanga namna ya kulipa waliondolewa kwenye bima, wengine wakijua hivyo walipofika dirisha la duka la dawa. Meno nayo yana bima yake, kwa malipo yake.

Halafu yupo mstaafu anayerudi kujenga Nakuru au Moshi. Huko mpango wa Prime haumpokei. Ana Select, na mara nyingi hulipa hospitali kutoka mfukoni kwanza, kisha hutuma madai ndani ya miaka mitatu yakiwa na jina la mgonjwa, tarehe, ugonjwa, mchanganuo wa huduma na uthibitisho kwamba pesa ilitoka. Stakabadhi iliyoandikwa "matibabu" na jumla chini yake haimfikishi popote. Akifika 65 lazima awe na Medicare sehemu B ili TRICARE iendelee, ingawa Medicare hailipi hospitali yoyote ya Kenya wala Tanzania. Mwaka 2025 ada ya kawaida ilikuwa dola 185 kwa mwezi kwa kila mtu, mke na mume kila mmoja na yake. Wapo wanaoiona ni pesa ya kutupa, wakaikataa. Wanapoteza TRICARE yote, na wakibadili mawazo wanasubiri usajili wa Januari hadi Machi, kisha wanalipa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila mwaka mzima waliochelewa, na nyongeza hiyo haiondoki.