Ndege za Vita na Mfuko wa Taifa

Wazee wa Bukoba hawana haja ya kuelezwa ndege ya vita ni kitu gani. Mnamo Oktoba 1978 ndege za MiG za Idi Amin ziliutupia mji huo mabomu. Hasara ya majengo haikuwa kubwa, lakini vioo vya madirisha vilivunjika na hofu ikawatawanya watu. Kwa hiyo litokeapo swali la kuzifanya upya ndege za Kamandi yetu ya Anga, mkulima wa kahawa wa Muleba na mvuvi wa Kemondo wana haki kuliko wengi ya kuuliza: kwa fedha zipi, na kitanunuliwa nini kwanza?

Ilitangazwa mwaka 2013 kwamba ndege 14 aina ya J-7 kutoka Uchina, zilizomalizika kuletwa 2011, zimeshika mahali pa 12 kuukuu za aina ile ile. Lakini J-7 ni mtoto wa MiG-21, iliyobuniwa na Warusi katika miaka ya 1950. Uchina iliacha kuziunda mwaka 2013, na India, iliyorusha MiG-21 tangu 1963, iliziaga Septemba 2025. Kila mwaka upitao, vipuri vitazidi kuwa adimu na ghali.

Wapo wasemao tuige jirani zetu wa Uganda, ambao mwaka 2011 walinunua Su-30 sita, na kwa jumla, pamoja na zana nyingine, wakatumia zaidi ya dola milioni 700. Sisi hatukubaliani nao. Afadhali Waromania, ambao waliziacha MiG-21 zao na miili yake ile ile, wakazitia mitambo mipya ya Waisraeli, wakazirusha hadi Mei 2023.

Hata hivyo, hilo nalo si la kwanza. Novemba 1978, pale Musoma, ndege zetu tatu ziliangushwa na mizinga yetu wenyewe kwa kudhaniwa kuwa ni za adui. Hazikuangushwa kwa uzee, wala kwa upungufu wa mbio. Kilichokosekana ni njia ya hakika ya walio chini kuwatambua walio juu. Na huyo Amin, pamoja na ndege zake zote, alishindwa kulivunja daraja la Kyaka kwa mabomu ya angani. Lilivunjwa kwa baruti iliyotegwa kwa mikono ya watu.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza yapasa iende kwenye rada, redio na zana za kumtambua rafiki. Ya pili kwa vipuri na mafuta, maana rubani asiyeruka husahau kazi yake kama fundi asiyeshika nyundo. Hapo ndipo ndege chache zilizo nzima zitiwe mitambo mipya. Ndege mpya na zingoje.

Na rada yenyewe yatukumbusha jambo. Ile tuliyouziwa na kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28 iliishia mahakamani London mwaka 2010, kampuni ikakiri kutoweka hesabu sawasawa. Mwaka 2012 ilitulipa pauni milioni 29.5, za vitabu na madawati ya shule. Siri za vita zina mahali pake, wala hatuombi zifichuliwe. Bei si siri ya vita. Twataka safari hii wabunge, wakiwemo wa Bukoba na Muleba, waijue kabla mkataba haujatiwa sahihi.