Mtoto wa Kuasili Haji Mtupu

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Usemi huu ni wa kweli, lakini wapo wanaoutafsiri vibaya. Hudhani kwamba mtoto wa mwaka mmoja au miwili, akitolewa nchi moja na kupelekwa nyingine kulelewa na wazazi wapya, ni udongo wa mfinyanzi tu: hana lugha, hana kumbukumbu, wala hana alichokiacha nyuma. Basi, husema, apewe mapenzi na chakula, yatosha. Dhana hiyo haina budi kukosolewa, maana imewaumiza wengi.

Tuchukue mfano wa China. Tangu mwaka 1992 hadi mwaka 2024, ilipotangaza kuukomesha mpango huo isipokuwa kwa jamaa wa damu, zaidi ya watoto 160,000 wa nchi hiyo waliasiliwa na familia za nje, wengi wao wasichana. Zaidi ya nusu walikwenda Marekani.

Mtoto wa namna hiyo alizoea kulala chumba kimoja na wenziwe wengi. Sasa analazwa peke yake penye kimya. Sura, harufu na vyakula alivyovijua vimetoweka kwa siku moja. Maneno machache aliyoanza kuyafahamu hayasemwi tena na mtu yeyote. Basi hulia usiku, huficha chakula, hukataa kupakatwa, au humfuata mgeni yeyote kama amfuatavyo mzazi. Asiyejua huuita huo utundu. Kwa hakika ni msiba, na mfiwa hajapata bado maneno ya kuombolezea. Mzazi mwenye busara hatamharakisha. Atalala karibu naye, atampikia alichokizoea, atapunguza wageni, na atajifunza japo maneno machache ya lugha yake ili amtulize kwayo.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote mtoto huyasahau. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada, walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya wasichana waliotolewa China wakiwa wadogo sana, wakalelewa kwa Kifaransa peke yake. Walipochunguzwa walikuwa na umri wa miaka 9 hadi 17, na Kichina hawakukijua tena. Hata hivyo, waliposikilizishwa viimbo vya lugha hiyo, ubongo wao ulivipokea sawasawa na ubongo wa wasichana wanaokisema Kichina tangu utotoni. Wasichana waliokulia Kifaransa tu hawakuwa hivyo. Ulimi ulisahau; ubongo haukusahau.

Zaidi ya hayo, mtoto hukua na kuuliza. Korea Kusini ilipeleka nje maelfu kwa maelfu ya watoto baada ya vita vya 1950 hadi 1953. Mwezi Machi 2025 tume ya ukweli na maridhiano ya nchi hiyo ilitamka kwamba haki za watoto hao zilivunjwa: hati zilighushiwa, na wenye wazazi hai wakaandikwa yatima. Mwezi Oktoba mwaka huo Rais Lee Jae-myung aliomba radhi. Lakini radhi haimrudishii mtu mzima jina la mama yake lililofutwa.

Hapa pana wajibu wa mtumishi wa serikali na wa mwalimu. Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 unazitaka mamlaka zihifadhi habari za asili ya mtoto. Karani anayejaza hati hiyo ovyo anamnyang'anya mtu ukoo wake. Naye mwalimu anayewaagiza wanafunzi wachore mti wa ukoo, akumbuke kwamba darasani huenda yumo mwenye miti miwili, na ampe nafasi ya kuichora yote bila kuaibishwa.

Pengine itasemwa kwamba kumkumbusha mtoto asili yake ni kuugawa moyo wake. Sivyo. Kwetu, mtoto alelewaye na shangazi yake hanyang'anywi jina la baba, na wala hampendi shangazi kwa upungufu. Wanaoasili watoto wa mbali yafaa wafanye vivyo hivyo: wahifadhi jina la kwanza la mtoto, watunze hati zake zote, na wamweleze ukweli angali mdogo, kabla hajaambiwa na watu baki.