Kabla ya Kununua Traka ya Pikipiki, Uliza Laini ni ya Nani

Anayeuza traka hapa Pioneer ataanza kwa kukuonyesha ramani kwenye simu: kidoti kinatoka Langas, kinaingia mjini, kinasimama kwenye taa. Inapendeza, sikatai. Lakini mimi ningeanza na swali lingine kabisa: laini iliyo ndani ya hiyo traka imesajiliwa kwa jina la nani?

Wateja wengi hawajui kwamba ndani ya traka mna laini ya simu kama hiyo yako. Setilaiti zinakisaidia kifaa kujua kiko wapi, basi. Kukwambia wewe ni kazi ya laini, kwa bando au kwa SMS. Bando ikiisha, traka inajua pikipiki iko wapi lakini haina njia ya kukuambia. Na wizi hausubiri uweke kredo.

Sasa, mafundi wengine huweka laini yao wenyewe ili kukurahisishia kazi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo watu huuziwa usingizi. Fundi akihama au akibadilisha simu, unabaki na kisanduku tu. Mbaya zaidi, mwenye laini anaweza kujua unalala wapi na pikipiki unaiacha wapi usiku. Sajili laini kwa kitambulisho chako, andika namba yake mahali, na uijaze mwenyewe. Laini ikikaa muda mrefu bila kuwekwa kitu hufungwa, na baadaye namba inaweza kupewa mtu mwingine.

Gharama? Weka kando shilingi 10 kila siku unapofunga kazi. Kwa mwezi ni 300, kwa mwaka 3,650. Kama kuna wawili, mwenye pikipiki na anayeiendesha, elewaneni mapema nani anatoa hiyo 10, maana kila mmoja akidhani mwenzake ameweka bando, hakuna aliyeweka. Na ukiombwa ada ya mwaka mzima mapema kwa namba ya mtu binafsi, kataa. Lipa kwa Till au Paybill ya biashara, soma jina linalotokea kwenye skrini, na usifute ile SMS ya malipo.

Wenye pikipiki za mkopo, jamani, msikilize hapa. Traka aliyoweka mkopeshaji inalinda mkopo wake kwanza. Uliza kama nawe utaweza kuona ramani, na ikiibwa saa nane usiku unampigia nani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwa vipi, kwa hivyo usione haya kuuliza. Ila usiing'oe kabla ya kusoma mkataba.

Nywila nayo watu huidharau. Mwaka 2022, watafiti wa kampuni ya BitSight walitoa onyo kuhusu traka aina ya MiCODUS MV720: nywila ya kiwandani ilikuwa 123456, na vifaa vingi vilikuwa bado vinaitumia. Traka nyingi za bei ya chini huja hivyo hivyo. Badilisha papo hapo, fundi akiwa bado ameshika bisibisi.

Kuna jambo moja la sisi watu wa Eldoret. Barabara inayopita hapa inaendelea Turbo, Webuye hadi Malaba. Pikipiki ikivuka kuingia Uganda na laini haijawezeshwa kutumika nje ya nchi, kidoti kitaishia mpakani. Ulizia mtandao wako kuhusu hilo mapema.

Kuhusu kuzima injini kwa simu, mimi siipendi sana. Mtu akizimiwa pikipiki akiwa mbio kwenye barabara kuu, atakayeumia huenda ni anayetembea kando. Kama utainunua, iwe ya kuzima pikipiki ikiwa imesimama. Pesa ningeziweka kwenye betri ya ndani, ile inayobaki hai wezi wakikata waya. Na isifungwe chini ya kiti karibu na betri kubwa, maana hapo ndipo mwizi anaanzia. Nyuma ya plastiki ya ubavuni ni afadhali. Chuma kikiwa juu yake, setilaiti haioni vizuri.

Ikiibwa kweli, ramani iende polisi pamoja nawe. Chukua nambari ya OB, beba nakala ya logbook, waonyeshe kidoti. Usikifuate na vijana wa steji usiku. Mwizi anaweza kuwa na silaha, na kidoti hakionyeshi nyumba ni ipi kati ya kumi zilizoshikana.

Na siku ya kufungiwa, usimalizie malipo upesi. Mwambie fundi achomoe waya wa betri, kisha ushike simu yako ungoje. Onyo la kukatwa umeme linafaa kuingia kwenye simu yako, si yake. Lisipoingia, bakisha salio lake mpaka liingie.