Ngege Asiyeonekana

Mama mmoja anayekaanga ngege katika ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, alimlipa kijana amtengenezee tovuti. Miezi minne ikapita bila mgeni hata mmoja kusema ameiona. "Mwanangu," akaniuliza, "pesa zangu zimeingia ziwani?"

Niliifungua. Picha zinapendeza, sikatai. Lakini majina ya Dunga, Kisumu na hata ya samaki wenyewe yalikuwa yamechorwa ndani ya picha. Maandishi ya kawaida yalikuwa haya tu: "Karibu upate ladha ya kipekee." Jamani, nani ashuke basi na njaa yake, kisha aandike "ladha ya kipekee" kwenye simu? Ataandika "samaki Kisumu".

Google, mtambo wa kutafuta ulioanzishwa na Larry Page na Sergey Brin mwaka 1998, hutuma programu zinazosoma kurasa na kupanga maneno yake kama faharasa ya kitabu. Usipoliandika neno, kupatikana ni kwa bahati. Tena hutazama nani anakutaja: hoteli jirani ikiweka kiungo cha kuja kwako, hiyo ni kama kura. Kurudia "samaki, samaki" mara hamsini ni hila inayojulikana, na yaweza kukushusha.

Kijana aliitwa. Akaandika kichwa kipya, "Ngege wa kukaanga, Dunga, Kisumu", na chini yake bei, saa za kufungua na njia ya kufika. Google huenda ikachukua siku kadhaa, au majuma, kuusoma upya ukurasa huo. Kijana alitaka malipo mengine. Mama akampa ugali na ngege mmoja.